Kisigino cha Bwana Pell

Kila baada ya saa mbili tunamgeuza:
ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto,
mto mdogo chini ya kifundo,
kisha saini kwenye karatasi ya mlangoni.
Grimsby, Januari. Mvua inakwaruza dirisha
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Bwana Pell hajasema neno tangu Oktoba.
Alipasua samaki bandarini miaka arobaini na mmoja;
vidole bado vinapapasa shuka
vikitafuta mwiba.
Hana mke, hana mwana, hana wa kuja kuuliza.
Ukimgeuza, hashukuru.
Usipomgeuza, hashitaki.

Usiku tuko wawili, mimi na Lynne.
Mimi mswala wangu umekunjwa kwenye kabati la mataulo.
Lynne ana sigara zake, na goti bovu,
na mbingu yake tupu tangu amzike dada yake,
tupu, asema, kama jokofu la tarehe thelathini.

Nikamuuliza, chai ikipoa mkononi:
Lynne, kama hakuna aonaye,
kama hakuna daftari wala mizani,
huo wema umeutundika wapi?
Msumari wake umepigiliwa ukuta gani?
Jibu langu nilikuwa nalo tayari,
limepigwa pasi tangu chuoni:
ezua paa, na mvua haichagui kitanda.

Akacheka, akakohoa.
"Ukuta siujui, mpenzi.
Ila saa nane imefika. Shika miguu."

Nikalidharau jibu hilo wiki nzima.

Kisha Lynne akaugua.
Usiku ule nilibaki peke yangu juu,
mgongo unawaka kama umepakwa pilipili.
Ningeweza kumwita kijana wa chini.
Sikumwita.
Saa nane nikatia saini.
Saa kumi nikatia saini,
na kabla ya kalamu, kwa mazoea tu, nikasema bismillahi.
Aonaye aliona. Nilijua, hata wakati ule nilijua.
Nikajikumbusha kwamba ni Mwingi wa kusamehe,
nikaegemea kiti.

Asubuhi kisigino kilikuwa na doa,
jekundu, upana wa sarafu ya peni kumi.
Nililibonyeza. Halikupauka.

Doa lile halikuwa maoni.
Halikuwa mila ya Waingereza, wala yetu ya Pangani.
Mlete kadhi, mlete Lynne,
mlete mgeni kutoka sayari isiyo na jina, na taa yake,
abonyeze kwa kidole anachojua yeye:
halitapauka.

Lakini nisijidanganye upesi.
Doa ni doa. Halina mdomo wa kusema usifanye.
Hata nyama ya buchani huoza, na hatuiombi radhi.
Kati ya "kimeumia" na "usikiumize" kuna mto,
si huu ninaouweka chini ya kifundo,
mto mpana, na kwa macho yangu sioni
anakanyaga wapi asiye na daraja.

Lynne hukunja suruali, akavuka.
Mimi nina daraja, la mawe, nililoachiwa na mababu,
na usiku ule nilikaa ng'ambo hii
nikilisifu.

Aliporudi alikitazama kisigino,
akazitazama saini zangu mbili, nzuri, zilizonyooka.
Nikangoja aseme utu, au aibu, au Mungu wako.
Akanipa kalamu.
"Andika ilivyokuwa," akasema. "Halafu tumgeuze."

Bado naswali, alfajiri, kati ya mataulo,
na sijui kama swali langu limejibiwa
au limenigeuza ubavu tu.
Saa nane. Nashika mabega, Lynne anashika miguu,
moja, mbili,
Bwana Pell anaguna kidogo, kama mtu anayekubali bei,
na Lynne, goti likilia,
anainama kuusogeza mto.