Nusu Mita

Mita tatu, alisema Nasreen wa idara ya mipango,
mita tatu kutoka ukuta wa nyuma, hizo ni zako,
huhitaji kumwomba mtu.
Rangi ya ndani, yako. Jiko jipya, lako.
Uzio wa uani usiozidi mita mbili, wako pia,
hata ukitaka kuuchora majogoo.
Lakini ukivuka tatu, kwa unywele tu,
hapo unaanza kuandika barua.

Mimi nataka tatu na nusu.
Nimepima kwa utepe wa kushonea,
kisha kwa futi ya chuma ya Selwyn,
kisha kwa Selwyn mwenyewe.
Nilichora chumba kwa chaki juu ya mawe ya uani,
hapa kitanda, hapa beseni, hapa mlango,
nikamwingiza na kiti chake cha magurudumu: haya, geuka.
Akageuka nusu. Gurudumu la kushoto likatoka nje ya nyumba.
"Nimeanguka bondeni," akasema,
kwa ule upande wa mdomo ambao bado unamtii.

Basi, nusu mita.
Dhiraa moja na vidole viwili.
Kwa hiyo nimelipa ada, nimejaza kurasa kumi na moja,
nimechorewa ramani ambamo maisha yetu yote
yamezungushiwa wino mwekundu.
Taja vifaa vya kuta. Mawe.
Je, kuna miti karibu? Mmoja. Umekufa, unakataa kuanguka.
Je, matumizi ya jengo yatabadilika?

Kalamu ikasimama.

Kwa sababu Februari, saa kumi na moja alfajiri,
kitu kiliingia humu bila ramani wala ada,
kikaigeuza sebule kuwa chumba cha kulala,
kikaziba ngazi, kikafunga ghorofa ya juu yote,
kikabomoa nusu ya maneno ya mume wangu,
na hakuna aliyefunga tangazo kwenye nguzo ya taa
kuuliza kama kuna mwenye pingamizi.
Ningekuwa nalo. Ningejaza kurasa mia.

Nikaandika: hapana.

Tangazo letu wamelifunga mbele ya mlango wa Thirza Ogden,
la manjano, ndani ya plastiki inayovuja.
Todmorden nzima imesimama kulisoma, na mbwa wao.
Thirza akapinga. Kivuli, aliandika,
kitaangukia nyanya zangu kuanzia saa tisa alasiri.
Sikumchukia. Jua la bonde hili hugawiwa kwa kijiko,
na kila mtu huchungulia kijiko cha mwenzake.
Ila siku hizi nikienda kununua mkate
nazungukia njia ya mfereji.

Wiki ya sita Nasreen alikuja, buti zimejaa matope,
akaelekeza ukutani kidude chenye nukta nyekundu.
Mtaa huu umehifadhiwa, akasema.
Kama achari, nikamjibu. Hakucheka; alikuwa anahesabu.
Selwyn akanyoosha mkono. Alilitafuta neno muda mrefu,
sote tukimngoja kama abiria.
"Chaki."

Mvua ilikuwa imekibomoa kile chumba mara nne,
na mara nne nilikuwa nimekijenga.
Safari hii alipiga magoti Nasreen, juu ya mawe mabichi,
akachora kuta tatu, kisha ule mstari wa mwisho,
akausogeza kwa dhiraa moja na vidole viwili.
Barua itakuja wiki ya nane, akasema, pengine ya kumi.
Siwezi kukuahidi kitu.
Najua, nikasema.

Selwyn akaingia kwa mlango, si kwa ukuta; hakukosea.
Akageuka. Gurudumu likabaki ndani.
Akageuka tena, na tena, mvua ikianza,
na juu, dirishani kwake, pazia mkononi,
Thirza Ogden alimtazama mzee wa miaka sabini na moja
akizunguka ndani ya chumba ambacho bado hakipo.