Mashavu

Barabara ya Barton, alfajiri, theluji imechoka
imekuwa rangi ya jivu.
Nashika ukuta wa duka la matairi.
Miguu yangu huijua ardhi kwa kuambiwa tu,
inapiga hodi na haiitikiwi.
Upande wa ghuba tanuru za chuma zinakoroma.
Hapa Hamilton hata anga ina kutu.

Nilizaliwa nayo mawili, yameumuka kama maandazi,
mkunga akacheka kabla sijalia.
Mama akasema: basi, Mashavu.
Leo muuguzi mgeni kaniuliza maana ya jina.
Nikamwonyesha kwa kidole
mahali yalipokuwa.

Mwaka wa tisini na saba, Daktari Hrynchuk
alinichorea seli nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Ndani yake akatia meko madogo, mengi,
mitokondria, akasema, hapa ndipo unapopikwa uhai wako.
Kila moto una cheche zake; mwili wenye afya huzizima.
Virusi vikiingia huchochea moto usioivisha kitu,
cheche zinaruka, zinatoboa kuta,
zinaunguza mpaka hati za ukoo.
Kutu, nikasema.
Kutu, akasema, akiangalia dirishani, kwenye moshi.

Dawa ya moto ni moto. Nilimeza.
Asubuhi na jioni nilimeza, na saa ya mkononi ikanilinda kama askari.
Dawa ilitumwa kumpotosha karani wa virusi:
impe herufi ya uongo,
kalamu ikwame katikati ya neno.
Ilifanya kazi yake. Virusi vilinyamaza.
Lakini kwenye meko yangu alikuwapo karani mwingine, mkongwe,
mwandiko wake unafanana na wa yule,
naye kazi yake kunakili hati alizoniachia mama
(mama peke yake; meko haya, alisema daktari,
hayatoki kwa baba).
Dawa haikuuliza jina.
Ikampa naye herufi ile ile.

Yakaenda mashavu.
Yakaenda makalio, nikawa nakalia mifupa basini.
Vidole vya miguu vikawaka, kisha vikalala,
na Februari moja damu yangu ilichacha
kama tui lililolazwa,
nikatapika mbele ya kanisa la Wapolandi
na mtu akanipa skafu yake, hakurudi kuidai.

Terrence Maddigan wa tanuru namba mbili
alizikataa. Alisema hataki uso wa kusimuliwa njiani,
uso ambao kila mtu mtaani anaujua ugonjwa wake.
Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tisa.
Tulimzika Aprili, na uso wake wote.
Si haki kumwonea marehemu wivu.
Nilimwonea.

Sasa ni kidonge kimoja, kama punje ya mbaazi,
hakigusi meko, wanasema, na nawaamini
kwa sababu napanda ngazi za kliniki bila kuhesabu.
Miguu haikurudi. Uso haukurudi.
Kijana daktari ananiambia kuna sindano ya kujaza,
nitakuwa kama zamani, ananiambia,
yeye ambaye zamani yangu hakuwa amezaliwa.
Nimemwambia nitafikiri. Nafikiri mwaka wa tatu huu.

Usiku nampigia mama, kule kwake ni asubuhi.
Simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi,
nauona ukingo wa seredani, nusu ya kanga.
Mashavu, ananiita, mbona huli?
Nakula, mama.
Sijamwambia. Mambo mengine hayana mlango kwenye simu.
Mkaa wa leo una unyevu, analalamika, umemtoa machozi,
anainama, anapuliza:
mashavu yake ya miaka themanini na moja
yanajaa, yanapungua,
yanajaa.
Nami huku, dirisha likiwa jekundu kwa moto wa chuma,
bila kukusudia, nimevuta pumzi,
napuliza naye.