Safu Isiyo na Kichwa

Chambo ni kijani, kinanukia mdalasini,
urefu wake kama kidole changu cha mwisho.
Usiyekijua utadhani ni kitu cha watoto,
cha dukani, cha kuchovya kwenye chai.

Kabla ya helikopta natembea njia nzima
na nyundo, misumari, vibao vyekundu:
SUMU. USIGUSE. FUNGA MBWA WAKO.
Siku tatu, mvua ya Westland ikinipiga mgongoni,
mpaka kibao cha mwisho, pale darajani.

Hesabu naijua. Ni mimi ninayeiandika.
Mwaka ule msitu ulipomwaga mbegu kupita kiasi
panya walikula wakazaana, vicheche wakala panya,
na panya walipokwisha
vicheche wakapanda juu, kwenye matundu ya miti,
mohua walikoatamia.
Nilipanda kwa kamba, nikamulika tundu moja moja.
Manyoya ya njano. Maganda.
Jike mmoja hana kichwa,
bado amekalia mayai yake.

Kwa hiyo usiniambie sumu ni mbaya.
Najua ni mbaya. Nimechagua.

Posamu naye hakuomba kuja. Aliletwa kwa meli
ili ngozi yake iwe kola ya koti la mtu.
Leo tunamwita mwizi,
na arobaini yake tunaimwaga kutoka angani.

Siku ya kumi na moja Ihaia alibisha hodi.
Hakuingia. Gari aliliacha likinguruma,
na nyuma, chini ya turubai, Pango,
yule mbwa wake aliyezoea kuifukuza baiskeli yangu.
"Chambo hakugusa," alisema. "Alikula mzoga.
Umeelea na mto, umepita chini ya daraja lako.
Kibao haukukisoma."

Sikuwa na neno. Nilichukua koleo.
Udongo wa huku ni mawe matupu;
tulichimba kwa zamu mpaka giza, bila kutazamana.
Akiondoka akasema:
"Na huyu mhesabu, Maraea."

Sasa ni Desemba, kiangazi chetu.
Matundu kumi na tisa yana vifaranga,
makelele yao kama sarafu ndani ya kopo.
Naandika: kumi na tisa.
Naandika, kwenye safu ya panya: wawili.
Kisha nachukua rula, napiga mstari, safu mpya.
Juu yake kalamu imesimama tangu asubuhi.
Chini yake: mmoja.