Robine ya Fundi Zihalirwa

Baba alistaafu kwa maneno tu.
Bomba likipasuka usiku, Kadutu yote ilijua mlango wa kugonga,
naye hutoka na spana, pajama kaichomeka butini,
akimtukana fundi aliyefunga kiungo kile:
aghalabu yeye mwenyewe, mwaka themanini na tatu.

Kwetu, robine ilivuja miaka tisa.
Mama aliweka bakuli, akaacha kusema.

Tulimzika Jumanne. Tope la Ruzizi
likabaki na kiatu kimoja cha Bisimwa.
Jioni Ombeni, kitindamimba, muuza simu,
akaishika spana ile, akakaza.
Tukampigia makofi.

Saa nane usiku nikamsikia mama
akipapasa gizani,
akilegeza kidogo,
kidogo tena.

Tone.

Ndipo akalala.