Jina la Leso

Waraka ulikuja Jumatatu, umebandikwa juu ya birika la chai:
kuanzia leo, mfanyakazi wa maktaba hii
hatavaa alama yoyote yenye kauli.
Sahihi, Hargreaves. Muhuri, halmashauri ya Preston.
Nje mvua ile yao, isiyonyesha wala kukatika.

Chanzo ni Gwen na beji yake:
mwanasesere mweusi tii, macho ya mviringo, mdomo mwekundu.
Bibi yake aliipata kwa kukusanya karatasi za chupa za jemu,
na Gwen anaipenda kama mtu apendavyo harufu ya jiko la kwao.
Miaka sita tumekaa dawati moja.
Nilipofiwa alikuja na supu, akaosha vyombo, hakusema neno.
Na kila asubuhi yule kikaragosi kifuani mwake
alinitazama kwa uso ambao mtu mwingine aliuchora
akasema ni wangu.

Sikumshtaki mimi. Liandikwe hilo.
Alishtaki msomaji, kijana wa chuo, na haki alikuwa nayo.
Lakini moyo wangu, sifichi, ulipoa.

Basi Hargreaves, aogopaye ugomvi kuliko dhuluma,
hakutaka kusema hiki ndiyo na hiki siyo.
Akafyeka shamba zima, magugu na mchicha.
Imran akavua bendera ndogo ya watu waliokuwa wakipigwa mabomu.
Niamh akabandua upinde wake wa mvua.
Stan mlinzi akauliza, mkono ukimtetemeka:
na ua jekundu la Novemba? La kaka yangu?
Hargreaves akapangusa miwani. Akapangusa tena.
"Hilo si kauli," akasema. "Hilo ni kumbukumbu."
Imran akacheka, cheko la mtu aliyekanyaga mwiba.

Tukabaki vifua vitupu.
Isipokuwa mimi, na mimi ni mgongo.
Kwa ile baridi ya kaunta najitanda leso juu ya sweta.
Hargreaves aliitazama akasema, rangi nzuri.
Hakujua leso ina jina. Hakujua kwamba kwetu
mwanamke aweza kugombana na mtaa mzima
kwa kupita tu, kimya, kikapu mkononi,
na mtaa ukamsoma mgongo hadi nukta ya mwisho.
Yangu ilisema:
MDOMO WANGU SI MLANGO WENU.

Wiki tatu niliivaa makusudi.
Nilijiona mjanja. Kisha nikajiona mwizi:
wenzangu wamezibwa kwa kuwa wanasomeka,
mimi napayuka kwa lugha isiyo na askari.
Gwen alipanga vitabu huku kidole kikimwendea kifuani,
kwenye tundu la pini, kama ulimi na pengo la jino.
Sikumwonea huruma. Halafu nikamwonea.
Halafu nikakasirika kwa kumwonea.

Alhamisi akaingia mama mmoja, koti zito juu ya buibui,
anatafuta kitabu cha mtihani wa udereva.
Nilikuwa nimeinama kwenye rafu ya chini.
Akasoma kwa sauti, neno kwa neno,
akaangua kicheko kilichofika hadi kwenye magazeti.
"Wee! Nani kakuudhi humu?"

Hargreaves akainua kichwa.
"Amesema nini?"
Imran akageuka. Gwen akageuka, kitabu mkononi.

Nilikuwa na uongo tayari, mtamu, wa saizi yake:
ni methali ya kale, mabwana, inahusu mapishi.
Mama yule aliniangalia, akanyamaza,
akaniachia mwenyewe.

Nikaivua leso. Mabega yakaingia baridi.
Nikaitandaza juu ya kaunta, maandishi yakimwelekea Gwen.
"Njoo," nikamwambia, "nikusomee.
Nikimaliza, utanisimulia kuhusu bibi yako,
nami nitakwambia nilichokuwa nakiona."

Hakuja mara moja.
Alitazama mlango, akatazama herufi.
Hargreaves alikwisha kushika miwani.