Kijiti Kinachotoka

Ukitaka kubadilisha karatasi, Asekenye,
usivute. Wote huvuta.
Weka kidole gumba hapa, upande wa springi,
bonyeza kama unavyobonyeza parachichi sokoni,
kulijua tu, si kuliumiza.
Kijiti kitafupika, kitatoka chenyewe.
Mrija wa boksi unautupa,
gombo jipya unakivisha,
ncha butu kwanza, tundu la kushoto,
kisha ile yenye pumzi, kulia.
Ukisikia tak, ondoa mkono.
Usiposikia, usiondoke.

Ningeweza kuishia hapo.

Lakini nimekaa hospitali hii ya Soroti miaka ishirini na sita,
na kinachoweza kutoka, mwanangu, hutoka.

Cha kwanza kilitoka wodi ya watoto
juma lile lile visanduku vilipofika,
vyeupe, vina funguo zake, vina maandishi
ambayo hata mhasibu aliyasoma kwa kukunja uso.
Nilikikuta langoni kwa Okiror,
kinasukuma chapati.
Hakuficha. Alisema, "Fundi, hiki kinateleza kuliko mti,
unga haukishiki."
Nikasimama na hasira yangu yote
na njaa yangu yote,
nikala roleksi mbili,
nikarudi na kijiti mfukoni, kina mafuta.
Nilikichemsha mara tatu. Bado karatasi za wodi ile
zilinukia kitunguu hadi Pasaka.

Cha pili sikukipata.

Cha tatu kilikuwa cha chumba cha kuzalishia.
Usiku, umeme unakuja na kwenda,
mkunga Amongin ameinua mikono miwili
inachuruzika maji hadi kwenye viwiko,
anageuka huku, anageuka kule,
na gombo liko sakafuni, limejikunjua lote,
limelewa maji,
kwa kukosa kipande cha plastiki cha urefu wa shibiri.
Alijifuta kwa gauni lake. Mtoto alizaliwa.
Mama alipata homa siku ya nne.
Huenda ni hilo, huenda si hilo.
Mimi nilikwenda karakana nikavunja mpini wa ufagio.

Nikakata shibiri moja, nikatoboa ncha,
nikaichinja kalamu yangu ya wino
kwa ajili ya springi yake, ndogo kama kope,
nikaizika ndani ya mti, nikaifunika kwa kizibo.
Kikaminywa, kikaingia, kikauma.
Nilicheka peke yangu, taa zimezimika tena:
kumbe kushika ni hivyo,
ujifanye mfupi kidogo upite mlangoni,
halafu ujinyooshe.

Vijiti kumi na viwili nimechonga tangu siku ile.
Saba vimetoweka.
Mtu hukitoa akiwa na haraka, hukiweka dirishani,
mwingine hupangusa dirisha.
Hakuna mwizi. Kuna mikono mingi tu,
na kila mkono una lake.
Niliandika matangazo, nikabandika.
Niligomba. Mganga mkuu aligomba.
Matangazo yalikuwa ya karatasi; watu walikaushia mikono.

Basi leo nakukabidhi funguo, nakuonyesha:
gumba, springi, tak.
Umesikiliza kwa adabu mpaka mwisho.
Kisha ukatoa mfukoni uzi wa kushonea magunia,
ukapiga fundo shingoni mwa kijiti,
fundo la pili kwenye bawaba ya kifuniko,
ukakitoa, ukakiachia.

Kikaning'inia. Kikazunguka hewani,
mara huku, mara kule,
kama mtu anayetafuta njia ya mlango
na hana tena sababu ya kuutumia.
Kikatulia.

Miaka ishirini na sita, Asekenye.
Uzi.

Hebu nirudishie hizo funguo kidogo,
na unikatie vipande vinne vya kadiri hiyo hiyo.
Saa yangu ya kutoka ni kumi na moja,
na wodi ya watoto iko mbali.