Shingo ya Chupa

Miezi minane niliishi ndani ya shingo ya chupa.
Si kwa ulevi. Kwa kazi.
Karakana ya Mzee Nalinga, Mtwara mjini, nyuma ya maghala ya korosho:
meza moja, feni moja yenye kikohozi,
na mimi nikipima upana wa koo kwa milimita.

Agizo lilisema: itoe, isipokee.
Ikishakuwa tupu, ibaki tupu.

Nikaweka gololi ya kioo juu ya kiti cha plastiki.
Ukiinamisha, inabingirika kando, dawa inapita;
ukisimamisha, inarudi, inaketi, imeziba.
Mimina kwa juu uone: inakulowesha vidole,
ndani haliingii tone.
Ya kumi na saba ilivuja. Ya ishirini na tatu ilikwama.
Ya thelathini na moja niliivamia kwa faneli, kwa bomba la sindano,
hata kwa mdomo wangu nikapuliza maji
mpaka masikio yakaniuma. Ikakataa.
Nikacheka peke yangu kama mwizi aliyejifungia nje.

Maana kazi ya mwizi nilikuwa naijua.
Mwaka juzi kaka yangu Chitanda alinunua chupa sita za dawa ya ubwiriunga,
chupa za kweli, vibandiko vya kweli, na risiti juu,
ndani yake maji na sabuni ya unga.
Alipulizia mikorosho mia na arobaini. Povu likakauka.
Maua yakavaa weupe, yakawa meusi, yakapukutika,
na msimu ulipofika Chitanda alikwenda mnadani
mikono mfukoni, kusikiliza bei za wenzake.

Kwa hiyo usiniambie ni chupa tu.

Jumamosi nikapanda nazo Newala,
katoni nzima, arobaini za majaribio,
hazijaonja dawa hata moja.
Kwetu hakuna chombo kinachostaafu.
Kule juu maji hupanda mlima kwa mashine, na mashine huugua;
dumu la mafuta ya kula huzeekea kwenye foleni ya bomba,
chupa ya dawa ya kikohozi hupimia mafuta ya taa,
ya soda hubeba uraka, ya uraka hubeba asali,
na kifuniko kikipotea, gunzi la hindi lipo.
Mama anauza mafuta ya ufuta. Kwa chupa. Lita ni habari za redioni.

Nikampa moja. Nikasema: jaza.
Akajaribu mara moja tu. Akaitikisa sikioni, gololi ikalia.
"Chupa isiyojazwa mara mbili," akasema,
"mimi naijua ile iliyonipasukia njiani kwenda zahanati,
usiku, mvua inanyesha, wewe umo ndani.
Hii umeitengeneza ili iweje?"
Nikamweleza. Chitanda alikuwa kimya, anakuna goti.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya plastiki.
Mama kachomeka msumari kwenye makaa,
katoboa kitako
(kitako! miezi minane
sikuwahi kukitazama),
chupa kaisimamisha kichwa chini, kifuniko kimekazwa,
anamimina ufuta taratibu, kisha nta, kisha dole gumba.
Tatu tayari ziko dirishani, zinapigwa jua.
"Inamimina vizuri," anasema. "Hairukii nguo. Kazi nzuri, mwanangu."

Chitanda hakucheka.
Alichukua moja, akaibonyeza nta kwa ukucha,
akaitazama kama mtu anayeonyeshwa mlango wa nyuma
wa nyumba aliyokwisha kuibiwa.
"Msumari," akaniuliza, "siku hizi shilingi ngapi?"

Jumatatu Mzee Nalinga anataka mchoro wa mwisho.
Nimeigeuza karatasi juu chini, naanza na kitako,
na mama, kutoka jikoni, anauliza
zimebaki ngapi.